Namna ya kuhesabu mbu wa dengue mjini: mwongozo wa kazi kwa timu za afya za mpakani

Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara ya Busia, upande wa Uganda, ataona malori yaliyotoka Mombasa yamepanga foleni, na madereva wamelala katika nyumba za wageni zilizo nyuma ya maduka ya vipuri. Mombasa ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2013, na Dar es Salaam ikaupata wake mwaka 2014 na tena mwaka 2019, wakati ambapo ugonjwa huo ulizoeleka Tanzania kwa jina la kidingapopo. Msafiri mwenye virusi vya dengue katika damu hahitaji zaidi ya siku moja au mbili kufika hapa, na hakuna kizuizi cha mpakani kitakachomgundua, kwa sababu wengi wa walioambukizwa hawaoneshi dalili yoyote. Swali linalobaki ni hili: je, jirani na chumba atakacholala, wapo mbu wa aina inayotakiwa, na ni wengi kiasi cha kuwaambukiza wenyeji?

Mwongozo huu unaeleza namna ya kulijibu swali hilo kwa vifaa vya bei nafuu na kwa watu waliokwisha kuzoea kazi ya kijiji, yaani wahudumu wa VHT (timu ya afya ya kijiji) na mkaguzi wa afya wa eneo. Ieleweke tangu mwanzo kwamba idadi ya mbu haituambii kama virusi vimeshafika. Inatuambia kitakachotokea vikifika. Anayechanganya mambo hayo mawili atawatia watu hofu bure, au atawatuliza siku ambayo hakustahili kuwatuliza.

Mbu tunayemtafuta

Uganda si ngeni katika elimu hii. Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na ni katika msitu wa Zika, ulio karibu nayo, ambamo virusi vya Zika vilipatikana kwa tumbili mwaka 1947 na kwa mbu mwaka 1948. Hata hivyo, kazi yetu ya kila siku kuhusu mbu imejengwa juu ya malaria, na mazoea ya malaria yanapotosha katika suala hili. Mbu wa malaria, Anopheles, huuma usiku, kwa hiyo chandarua kinamzuia. Mbu wa dengue, ambaye hapa kwetu ni Aedes aegypti hasa, huuma mchana, zaidi katika saa mbili tatu baada ya jua kuchomoza na tena alasiri kuelekea machweo. Anamuuma fundi akiwa kazini na mtoto akiwa darasani. Wala hazaliani katika dimbwi la shambani au kinamasi. Anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo, hata kama ni kizibo cha chupa.

Kwa macho, ni mbu mdogo mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, na mgongoni ana alama ya magamba meupe inayofanana na kinubi. Hapo Afrika ya Mashariki inatuletea tatizo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya Asia au Amerika hailigusi. Mbu huyu ana maumbile mawili. Lipo lile la mijini, lenye rangi hafifu zaidi na linalopenda kuzaliana majumbani na kuuma binadamu, na lipo lile jeusi la asili ya msituni, liitwalo formosus, ambalo kwa asili hutaga katika mashimo ya miti na kuwauma wanyama pia. Uganda hili la pili ni la kawaida sana, na siku hizi linaonekana hata katika vyombo vya mijini. Mtaalamu huyatofautisha kwa kutazama magamba meupe kwenye pingili ya kwanza ya tumbo. Timu ya kata haina haja ya kujua kufanya hivyo, lakini ina wajibu wa kuhifadhi sampuli ili mwenye hadubini aweze kuifanya kazi hiyo, kwani vyombo mia moja vyenye formosus na vyombo mia moja vyenye mbu wa mjini havina hatari moja.

Zipo pia Aedes nyingine zinazotaga katika maji yanayokusanyika kwenye makwapa ya majani ya migomba. Katika nchi ya matoke hili si jambo dogo, na hao ndio waliohusishwa zamani na homa ya manjano huko Bwamba. Mgomba uliopo uani uandikwe kwenye fomu, katika safu yake wenyewe, usichanganywe na mapipa.

Kabla ya kubisha hodi

Chagua eneo dogo unaloweza kulirudia. Mtaa mmoja wenye nyumba mia moja zilizokaguliwa vizuri kila mwezi una manufaa kuliko mji mzima uliopitiwa mara moja. Mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), mweleze unachokifanya, na ikiwezekana apite nawe siku ya kwanza. Kisha chora ramani, hesabu nyumba zote, na uchague kwa mpangilio, kwa mfano kila nyumba ya tatu. Nyumba iliyofungwa irudiwe siku nyingine. Usiingie ya jirani kwa sababu tu mlango wake uko wazi, maana nyumba zinazofungwa mchana huwa ni za watu wa kazi fulani, na ukiziacha zote takwimu zako zitaegemea upande mmoja.

Usizipite sehemu zisizo makazi. Karakana, kituo cha mabasi, shule, jengo ambalo halijakwisha, ghala la vyuma chakavu na, kuliko zote, sehemu ya mafundi wa matairi, ziwekewe orodha yake na zikaguliwe zote bila kuchagua.

Vifaa ni hivi: kurunzi yenye mwanga mkali, kata au upawa, karai dogo jeupe, chujio la chai, pipeti, chupa ndogo zenye spiriti, penseli na fomu. Lebo iandikwe kwa penseli juu ya kipande cha karatasi na kutumbukizwa ndani ya chupa pamoja na sampuli. Wino hufutika katika spiriti, na karatasi iliyobandikwa nje hubanduka ikilowa.

Kukagua chombo

Fikia chombo polepole, bila kukitia kivuli wala kukigusa. Viluwiluwi wa Aedes wana woga. Kivuli kikiwaangukia wanapiga mbizi mara moja na wanaweza kubaki chini kwa muda, na mkaguzi mwenye haraka ataandika «hakuna» juu ya pipa lililojaa. Mulika kwa pembeni, subiri, tazama. Wakipanda kupumua, wale wanaoning'inia kwa mshazari chini ya uso wa maji, wenye bomba fupi la kupumulia, na wanaojinyonganyonga kama nyoka wanapoogelea, ni Aedes. Wenye bomba refu na jembamba ni Culex, mbu wa mitaro, ambaye hatumhesabu humu. Wanaolala sambamba na uso wa maji ni Anopheles.

Tairi ndilo linalotushinda wengi. Maji yake yako ndani ya mkunjo, gizani, na ukiliinamisha yanakimbilia upande mwingine pamoja na kila kilichomo. Namna inayofaa ni kuliacha kama lilivyo, kuingiza kikombe cha plastiki kilichokatwa ukingo ili kifuate mviringo wa tairi, kuchota mara kwa mara huku ukimimina katika chujio, kisha kugeuza chujio juu ya karai jeupe lenye maji safi kidogo. Mara ya kwanza unaona takataka tu, majani yaliyooza na mchanga. Ukisubiri dakika moja, takataka zinaanza kutembea.

Humo katika karai wamo wa aina mbili, na hapa ndipo napenda mkaguzi akaze macho. Wapo viluwiluwi, warefu, wanaokula wakati wote. Na wapo wenye umbo la alama ya mkato, kichwa kikubwa na mkia uliokunjwa, wanaojirusha wakiguswa. Hao wataalamu huwaita pupa, ingawa pupa yenyewe hawana: hawali kitu chochote, wanasubiri siku mbili hivi tu kabla ya kuruka wakiwa mbu kamili. Viluwiluwi wengi hufa kabla ya kufikia hapo, hasa chakula kikiwa haba. Pupa wengi wao huishi. Kwa hiyo, anayetaka kujua mbu wangapi watatoka katika chombo fulani ahesabu pupa, mmoja mmoja, wala asiridhike na kuandika kwamba chombo «kina wadudu».

Kwa pipa kubwa huwezi kumwaga maji ya watu. Maji hapa hununuliwa kwa jerikeni, na mkaguzi aliyemwaga lita ishirini za mama wa watu hatafunguliwa mlango mwezi ujao. Tumia wavu mdogo ulioshonwa kwa kipande cha chandarua, uuzungushe mara tano kuanzia juu kwenda chini kwa namna ileile kila mara, uhesabu pupa waliopatikana, uwatenge, na kuandika kwamba hesabu hiyo ni ya wavu, si ya pipa zima. Nakumbuka bibi mmoja aliyesimama juu yangu wakati wote nikifanya hivyo, mikono kiunoni. Nilipomwonesha pupa katika karai, akauliza, «Hao ndio wanaotuletea malaria, mwanangu?» Nikamwambia, «Hapana, bibi, hawa ni wa homa nyingine, wanauma mchana.» Akafikiri kidogo, akasema, «Basi ndiyo maana chandarua hakinisaidii hapa jikoni.» Mafunzo ya asubuhi nzima yalikuwa hayajaeleza jambo hilo kwa ufupi namna ile.

Kwa kila chombo andika aina yake, ukubwa wake, kama kina kifuniko, kama kiko kivulini, kama maji yake yaliwekwa na watu au ni ya mvua, na kama mna viluwiluwi, na pupa wangapi. Andika pia idadi ya watu wanaolala katika nyumba hiyo. Bila idadi hiyo, hesabu iliyo bora kuliko zote haitawezekana.

Hesabu zenyewe

Fahirisi tatu za zamani bado zinatumika kila mahali, na ni vizuri kuzijua. Fahirisi ya nyumba ni asilimia ya nyumba zilizokutwa na viluwiluwi au pupa. Fahirisi ya vyombo ni asilimia ya vyombo vyenye maji vilivyokutwa nao. Fahirisi ya Breteau ni idadi ya vyombo vyenye wadudu kwa kila nyumba mia moja. Tuseme umekagua nyumba 100, ukakuta 18 zina wadudu, na katika vyombo 240 vyenye maji, 27 vina wadudu. Fahirisi ya nyumba ni 18, ya vyombo ni 11.25, na ya Breteau ni 27.

Zipo alama zilizozoeleka. Kwa dengue, fahirisi ya nyumba iliyozidi 5 au Breteau iliyozidi 20 huchukuliwa kuwa dalili ya hatari; kwa homa ya manjano ya mijini, hatari huhesabiwa kuwa kubwa Breteau inapozidi 50 na ndogo inapokuwa chini ya 5. Ushauri wangu ni kuzitumia kama mtu anavyotumia mawingu kukadiria mvua. Dengue imewahi kuenea mahali ambapo fahirisi hizi zilikuwa ndogo sana, na zipo sehemu zenye fahirisi kubwa zisizo na mgonjwa hata mmoja. Sababu mojawapo imo katika hesabu yenyewe: pipa lenye kiluwiluwi mmoja na tairi lenye mia mbili yote huandikwa «moja».

Ndiyo maana fahirisi ya pupa kwa mtu inafaa zaidi. Jumlisha pupa wote wa Aedes, ugawe kwa idadi ya watu wa nyumba hizo. Kisha fanya jambo la pili ambalo ndilo lenye thamani zaidi kwa kazi ya mtaani: panga pupa kwa aina ya chombo. Katika mfano wetu, tuseme mapipa 12 yenye wadudu yalitoa pupa 31 kwa jumla, vikopo na vifuu sita vikatoa 9, na matairi 9 yakatoa 260. Kwa fahirisi ya Breteau, mapipa ndiyo tatizo kubwa zaidi. Kwa pupa, matairi tisa yanazalisha mbu karibu tisa katika kila kumi wa mtaa mzima, na mafundi wawili watatu wakishirikiana nawe, kazi kubwa imekwisha bila kugusa maji ya mtu yeyote.

Mitego ya mayai

Wakati wa kiangazi, au mahali ambapo wadudu ni haba, ukaguzi wa vyombo hukosa mengi. Hapo tumia mtego wa mayai. Chukua kopo la kiasi cha lita moja, ulipake rangi nyeusi, ulitoboe tundu pembeni kwenye theluthi mbili za kimo ili mvua isiyafurikishe maji, na utie maji yaliyolowekwa nyasi kavu kwa siku kadhaa, kwa sababu harufu yake huwavuta majike. Simamisha ndani kipande cha ubao wenye upande wa kukwaruza, au uzungushie karatasi nzito, nusu majini na nusu nje. Jike hataga majini kabisa. Hubandika mayai, meusi na madogo kuliko punje ya mchele mara nyingi, kwenye unyevunyevu juu kidogo ya mstari wa maji. Weka mtego chini au usiozidi mita moja kutoka ardhini, kivulini, mbali na kuku na watoto, ukiwa na maandishi yanayosema ni wa nani na ni wa nini.

Ubao huchukuliwa kila siku ya saba, au kabla yake, bila kukosa. Nimewahi kuchelewa, siku kumi na moja, kwa sababu ya pikipiki iliyoharibika, na nilipofika mitego miwili ilikuwa na maganda matupu ya pupa yakielea. Nilikuwa nimewafugia watu wa mtaa ule mbu kwa gharama ya mradi.

Hesabu mayai kwa kioo cha kukuzia, kisha uandike mambo mawili: asilimia ya mitego iliyopata mayai, na wastani wa mayai kwa kila mtego uliopata. Mtego usihamishwe kutoka mahali pake. Thamani yake ni kulinganisha wiki hii na wiki iliyopita mahali palepale. Baadhi ya mayai yaanguliwe katika maji na wadudu wake walelewe hadi kuwa mbu kamili ndani ya chombo kilichofungwa kwa wavu, kwa kuwa Aedes za aina nyingine nazo hutaga humo, na yai peke yake halitakuambia mwenyewe ni nani.

Mbu wakubwa

Mitego ya mwanga iliyozoeleka katika malaria inafaa kidogo sana hapa, kwa kuwa mbu huyu hafanyi kazi usiku. Inatumika zaidi mitego ya mchana yenye chambo cha harufu ya binadamu, pamoja na mashine za kunyonya mbu wanaopumzika chini ya vitanda, nyuma ya makabati na kwenye nguo zilizotundikwa. Njia ya mtu kukaa akisubiri kuumwa ili amkamate mbu isifanywe na timu ya mtaa, na hasa isifanywe pale homa isiyojulikana ilipoonekana: malaria ina dawa ya kumkinga mkamataji, dengue haina.

Mbu watakaopimwa virusi lazima wawekwe kwenye baridi kali tangu wanapokamatwa, kisha hupimwa kwa mafungu. Kazi hiyo ni ya maabara. Wewe unachodaiwa ni tarehe, mahali na idadi sahihi.

Kuzisoma namba kwa hali ya hapa

Namba za mbu ziwekwe karibu na mambo matatu mengine kwenye karatasi moja. La kwanza ni mvua: baada ya mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba kuanza, yai lililokaa kavu miezi kadhaa huanguliwa likiloweshwa, na mbu kamili anaweza kuruka baada ya siku saba hadi kumi. La pili ni joto. Katika nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, virusi huchukua siku nane hadi kumi na mbili ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Kukiwa na ubaridi huchukua siku nyingi zaidi, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Miinuko yetu mingi ni ya baridi kuliko Mombasa, kwa hiyo idadi ileile ya mbu haina uzito uleule Kabale na pwani. La tatu ni wagonjwa. Mwombe mhudumu wa zahanati akupe kila wiki idadi ya watu wazima na watoto waliokuja na homa wakapimwa malaria na kukutwa hawana. Pupa wakiongezeka kwa majuma mawili mfululizo, na safu hiyo ya homa zisizo malaria nayo ikapanda, usisubiri fahirisi yoyote ifike 20. Mpigie afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya siku hiyohiyo, ili sampuli za damu zipelekwe Entebbe.

Ikiwa ni mbu tu wameongezeka, kazi ni ya chombo kilichotoa pupa wengi. Tairi lifunikwe, litobolewe au liondolewe. Pipa lisimwagwe tu bali lisuguliwe kuta zake kwa brashi ngumu, kwa kuwa mayai yaliyogandia juu ya mstari wa maji yatalisubiri lijazwe tena. Andika tarehe ya kazi hiyo kwenye fomu, na siku ya nane urudi kwa fundi yuleyule na karai lilelile jeupe, umchotee mbele yake, mhesabu pupa pamoja.